Ukurasa Mweusi, Ukurasa Mwepesi: Jinsi Mashine ya Fotokopi Inavyopima Tona



Katika robo mwaka iliyopita tulipokea mambo mawili ndani ya wiki moja. La kwanza lilikuwa barua ya mhisani aliyesoma taarifa yetu ya fedha, akauliza kwa upole kwa nini fungu la vifaa vya ofisi limezidi bajeti, na hasa kwa nini usharika mmoja wa Kilwa umenunua katriji tatu za tona katika miezi mitatu. La pili lilikuwa bahasha kutoka usharika huohuo. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya ubatizo ambavyo maandishi yake yalikuwa yanabanduka. Mama mmoja alikuwa amekikunja cheti cha mwanawe akakiweka kwenye mkoba, akikusudia kukiambatanisha na maombi ya cheti cha kuzaliwa. Alipokikunjua, jina la mtoto lilikuwa limetoka lote pale kwenye mkunjo, likabaki vumbi jeusi kwenye vidole vyake.

Ofisi ya miradi ilipokaa kujadili mambo haya, kila mmoja wetu alikuwa na mshitakiwa wake. Mmoja alisema tumeuziwa katriji bandia. Mwingine alisema kuna mtu anawachapishia watu kazi zao jioni bila kuandika kwenye daftari. Wa tatu alisema mashine imezeeka, tuandike andiko la kuomba nyingine. Fundi tuliyemwita alitumia dakika kumi tu, na hakumhoji mtu yeyote. Tutaeleza alichokifanya kuelekea mwisho wa somo hili, kwa sababu hakieleweki vizuri mpaka mtu ajue kwanza tona inafikaje kwenye karatasi.

Tona si wino

Wengi wetu husema "wino umeisha". Ni mazoea tuliyoyarithi kutoka enzi za stensili, pale katibu muhtasi alipopiga taipureta kisha akazungusha mkono wa mashine ya kudurufu. Ule ulikuwa wino kweli, wa majimaji, na nguo zake zilishuhudia. Tona ni unga mkavu. Ni plastiki iliyosagwa laini mno, ikachanganywa na rangi nyeusi ya kaboni na viungo vingine kidogo. Punje moja ina upana wa kama maikroni 5 hadi 10, wakati unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Ndiyo maana ikimwagika hupeperuka na kuingia kila mahali, na ndiyo maana tunawasihi mfunike pua mnapoisafisha, mtumie kitambaa chenye maji ya baridi, wala msitumie maji ya moto, kwa kuwa joto huigandisha kwenye nguo.

Nguvu inayousogeza unga huu ni umeme tuli, uleule ambao watoto huuchezea wanaposugua kalamu ya plastiki kwenye nywele kisha ikavuta vipande vya karatasi. Chaji za umeme ziko za aina mbili, chanya na hasi. Zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Mtoto wa Lindi aliyewahi kuucheza mchezo huu atawaambia pia kwamba hukubali vizuri siku ya hewa kavu, lakini siku ya mvua kalamu haivuti kitu. Tuliweke neno hilo la mtoto akilini, tutalirudia.

Aliyeugeuza mchezo huo kuwa uandishi ni Mmarekani Chester Carlson, aliyefanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja ya New York na kuchoshwa na kunakili nyaraka. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga eneo la Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso ya pamba ili lipate chaji, wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe hiyo na jina la mahali, wakakimulika kwa taa. Kisha wakanyunyiza unga wa mmea na kupuliza uliozidi. Maandishi yakabaki. Kampuni nyingi zilimkatalia. Taasisi ya Battelle ilikubali kumsaidia mwaka 1944, na mwaka 1959 kampuni iliyokuja kuitwa Xerox ikatoa mashine yake ya 914, ambayo ndiyo iliyoziingiza fotokopi maofisini. Mashine hiyo ilikuwa na tabia ya kuunguza karatasi hata ikauzwa pamoja na kizima moto kidogo, jambo ambalo wenye mashine kuukuu hawatalishangaa. Carlson mwenyewe alipotajirika aligawa sehemu kubwa ya mali yake kwa misaada.

Mapengo mawili

Ndani ya printa ya leza kuna silinda laini, mara nyingi ya rangi ya kijani au buluu, ambayo mafundi wetu huiita dramu. Ikiwa gizani hushika chaji, na ikipigwa mwanga chaji huikimbia pale palipomulikwa. Kwanza dramu hupewa chaji hasi mwili mzima, tuseme volti 600 hasi. Kisha mwale wa leza hupita ukimulika kila mahali panapotakiwa kuwa peusi, na hapo chaji hushuka mpaka kama volti 100 hasi. Kwa macho huoni kitu. Herufi tayari zipo, lakini ni herufi za chaji tupu.

Kazi ya kuzipaka herufi hizo tona ndiyo kiini cha somo letu. Pembeni kabisa ya dramu kuna rola yenye sumaku ndani yake, inayobeba tona. Ubapa mwembamba huupangusa unga ubaki tabaka jembamba lililo sawasawa, na katika kusuguana huko tona hupata chaji hasi. Rola yenyewe nayo hupewa volti, tuseme 400 hasi.

Sasa angalieni hesabu. Tona yenye chaji hasi imekaa kwenye 400. Mbele yake dramu ina sehemu zenye 600 hasi na sehemu zenye 100 hasi. Kwa kuwa hasi husukuma hasi, tona hukimbia palipo na hasi nyingi kwenda palipo na hasi kidogo, kama maji yanavyotafuta bonde. Inaruka kwenda kwenye 100, yaani palipoandikwa, na inazuiwa na 600, yaani pasipoandikwa. Kati ya 400 na 100 kuna pengo la 300, na hilo ndilo linaloamua weusi wa herufi. Kati ya 600 na 400 kuna pengo la 200, na hilo ndilo linalolinda weupe wa karatasi.

Tumechagua namba nyepesi kwa ajili ya kujifunza, na kila mashine ina zake, lakini uhusiano wake ni huohuo. Mkiipandisha rola ikawa 500 hasi, pengo la weusi linakuwa 400, herufi zinakoza. Lakini pengo la weupe limebaki 100 tu, na tona iliyolegea huanza kutua pasipotakiwa. Karatasi inatoka na ukungu wa kijivu. Hivyo yule anayebonyeza kitufe cha kukoza rangi kila mara kopi inapotoka nyepesi anakula kwenye pengo la pili bila kujua, na ukungu ule nao ni tona, nayo imenunuliwa.

Baada ya hapo karatasi hupita chini ya dramu ikiwa imepewa chaji chanya upande wa nyuma, nayo huivuta tona kutoka kwenye dramu. Kisha huingia sehemu ya joto, ambayo mafundi huiita fyuza (si ile fyuzi ya umeme), yenye nyuzi joto karibu 180 hadi 200. Plastiki ya tona inayeyuka na kushikamana na nyuzi za karatasi. Tona kidogo iliyobaki kwenye dramu hukwanguliwa na kutupwa kwenye chombo cha taka.

Vibebeo, na namna mashine inavyoonja

Mashine kubwa za fotokopi, kama ile ya kituo chetu cha Lindi, hutumia njia ya tofauti kidogo. Tona haikai peke yake. Imechanganywa na chembe za sumaku zilizo kubwa kuliko yenyewe, ambazo kazi yake ni kuibeba na kuisugua. Mchanganyiko huo huitwa developa. Punje za tona hujishika juu ya vibebeo hivyo kama unga unavyoshika vidole vya anayekanda chapati. Sumaku iliyo ndani ya rola huvisimamisha vibebeo kama nywele za brashi, brashi hiyo ikaipangusa dramu. Tona huenda kwenye herufi, vibebeo hurudi nyumbani kuchukua nyingine.

Ugumu uko hapa: kila ukurasa unaondoa tona lakini hauondoi vibebeo. Katika mashine nyingi tona inatakiwa iwe asilimia chache tu ya uzito wa mchanganyiko, kwa mfano 5 hadi 8. Ikipungua sana, kurasa hufifia na hata vibebeo vyenyewe huanza kuruka na kukwaruza dramu. Ikizidi, tona nyingine inakosa mahali pa kujisugulia, inabaki na chaji hafifu, inavuja na kutapakaa ndani ya mashine.

Mashine inajuaje kiasi kilichomo bila kufunguliwa? Chini ya chombo cha developa kuna kihisi kinachopima usumaku. Tona ni plastiki, vibebeo ni sumaku. Tona ikipungua, vibebeo husogeleana na usumaku huongezeka, basi mashine huzungusha chupa ya tona na kuongeza kidogo. Usumaku ukishuka, huacha kuongeza.

Aidha, mashine nyingi zina njia ya pili. Kila baada ya muda huchora alama ndogo ya mraba juu ya dramu au mkanda wake, isiyokusudiwa kufika kwenye karatasi. Taa ndogo huimulika alama hiyo na kihisi hupima mwanga unaorudi, kikilinganisha na mahali patupu. Alama ikiwa nyepesi kuliko inavyotakiwa, mashine hurekebisha chaji ya dramu, volti za rola au nguvu ya leza, yaani yale mapengo mawili tuliyoyasema. Alama hukwanguliwa ikaingia takani. Hii ndiyo sauti ya kuzunguka mnayoisikia asubuhi mkiwasha, kabla haijawa tayari. Mashine inafanya kama mama aonjaye mchuzi kabla ya kuongeza chumvi. Msiizime wakati huo. Na pale umeme unapokatika mara kwa mara, kila inapowaka upya huweza kuonja tena, na kila kuonja kunatumia tona kidogo.

Printa ndogo nyingi hazina kihisi cha namna hiyo. Huhesabu nukta ambazo leza imechora na kukadiria kiasi kilichobaki. Kwa hiyo ujumbe unaosema tona imepungua mara nyingi ni makisio. Haujaangalia ndani ya katriji. Toeni katriji, itikiseni polepole kulia na kushoto mara tano sita ili unga ujisambaze, irudisheni, mwendelee mpaka kurasa zenyewe ziseme.

Hewa ya pwani

Sasa turudi kwa yule mtoto na kalamu yake. Watengenezaji wengi huandika kwenye vitabu vyao kwamba mashine ifanye kazi katika unyevu wa hewa usiozidi asilimia 80. Sisi tunaoishi Kilwa Masoko, Kivinje, Mchinga na Lindi mjini tunajua asubuhi za msimu wa mvua zilivyo: chumvi inageuka maji kwenye kibakuli, na viberiti vinakataa kuwaka. Katika hewa ya namna hiyo chaji ya tona huvuja. Tona yenye chaji hafifu haishikwi vizuri na kibebeo wala na rola, hivyo huachia kwa urahisi kupita kiasi na kutua hata pasipoandikwa. Kinyume chake, katika hewa kavu tona hushika chaji kubwa, hung'ang'ania kibebeo, na kurasa hutoka nyepesi.

Kuna jambo jingine lililotushangaza tulipoelezwa. Vibebeo vyenye tona iliyochajiwa vizuri husukumana, vikakaa kwa kuachana. Chaji ikivuja kwa sababu ya unyevu, vinaketi kwa kubanana. Kihisi cha sumaku kinaona vimebanana na kinadhani tona imepungua, kumbe haijapungua. Mashine inaongeza tona juu ya ile ambayo tayari imelegea. Ulimi wa mpishi umedanganyika, na chumvi inaendelea kutiwa. Mashine nzuri zina kipimo cha unyevu cha kusahihisha kosa hili, lakini si zote, na si zile za mtumba ambazo sharika nyingi hupewa. Kutoiweka mashine karibu na dirisha linalotazama bahari, na kuiacha izunguke dakika kadhaa kabla ya kazi kubwa, kunasaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Kosa letu la mwaka 2024

Tungependa kulisema hili wazi, kwa kuwa lilitokea chini ya usimamizi wetu wenyewe. Mwezi Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa. Tona tuliyoagiza ilikwama njiani, na shule mbili za jirani zilikuwa zinasubiri tuwachapie mitihani ya muhula. Tulikubali kununua unga wa mfuko, usio na jina, kutoka kwa mtu aliyetuhakikishia kwamba "tona ni tona". Ulikuwa na bei chini ya nusu.

Tona si tona. Mashine tuliyoieleza hapo juu hutumia chaji hasi, lakini mashine za Kyocera, na printa za Brother za rangi moja, hutumia tona ya chaji chanya. Ukitia ya aina moja kwenye mashine ya aina nyingine, mapengo yale mawili yanafanya kazi kinyume. Hata kama aina ya chaji inalingana, ukubwa wa punje na joto la kuyeyukia hutofautiana. Kwetu kurasa za kwanza zilitoka vizuri kabisa, kwa sababu tona ya zamani ilikuwa bado imo. Kufikia mtihani wa tatu karatasi zote zilikuwa za kijivu. Fundi wa siku hizo, kwa nia njema ya kubana matumizi, akachukua pia unga wa kwenye chombo cha taka akaurudisha ndani. Unga wa takani umejaa vumbi la karatasi na punje zilizokwisha kataa kushika chaji. Ndizo zilizotupwa, na sababu ya kutupwa ilikuwepo. Tulilazimika kubadilisha developa yote pamoja na dramu, na gharama yake ilimeza akiba tuliyoipata kwenye unga huo mara nyingi.

Hivyo basi, tangu hapo ofisi hailipi ankara ya tona isiyotaja aina ya mashine. Hatukatazi katriji za kujazwa upya, ziko nzuri. Tunakataza unga ambao muuzaji hawezi kusema ni wa mashine gani.

Hesabu ya kurasa

Kwenye boksi la katriji mara nyingi huandikwa idadi ya kurasa, tuseme 2,000. Idadi hiyo hupimwa kwa ukurasa wa barua ya kawaida, ambao weusi umefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Ikiwa katriji ni shilingi 120,000, ukurasa mmoja ni shilingi 60 za tona. Lakini ratiba ya ibada yenye nembo kubwa, picha ya kanisa na fremu nyeusi inaweza kufunika asilimia 15. Katriji ileile inatoa kurasa 660 hivi, na ukurasa mmoja unafika karibu shilingi 180. Kamati inayotoza shilingi 100 kwa kopi, huku inachapa picha, inawafadhili wateja wake. Kuna kamati zimeamua hivyo kwa makusudi, kwa ajili ya madaftari ya wanafunzi wa kipaimara na matangazo ya zahanati, nasi hatuna ugomvi nazo, ili mradi iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Tukiwa kwenye fedha, neno moja kwa wahazini. Risiti za EFD huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalum, nazo hufifia. Toeni kopi siku hiyohiyo, mkiilaza risiti juu ya kioo. Msiiingize risiti yenyewe kwenye njia ya karatasi ya printa, kwa kuwa joto la fyuza litaigeuza nyeusi yote. Na kwa sharika zenye umeme wa jua: fyuza inapopata moto hula umeme mwingi kwa ghafla, hivyo msiiunganishe printa ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta.

Dakika kumi za fundi

Turudi Kilwa. Fundi aliagiza ukurasa mmoja uchapwe, na karatasi ilipofika katikati ya safari akafungua mlango wa printa. Kila kitu kikasimama. Akaitoa katriji, akafungua kifuniko chake kidogo, akaitazama dramu kwa muda mfupi tu kwa kuwa mwanga huiharibu. Herufi zilikuwa pale juu ya dramu, nyeusi tii, na kandokando yake pasafi. Kisha akavuta karatasi iliyokwama. Zile herufi ambazo tayari zilikuwa zimehamia kwenye karatasi zilikuwa nyepesi, zenye mabaka.

Msomaji aliyetufuata mpaka hapa ameshajua maana yake. Tona ilikuwepo, chaji ilikuwepo, mapengo yote mawili yalikuwa sawa. Kazi iliharibika baada ya dramu. Fundi akaishika rimu ya karatasi iliyokuwa sakafuni chini ya meza, imefunguliwa, juu ya sementi, na kingo zake zilikuwa zimejikunja kama mawimbi. Karatasi yenye unyevu huipitisha ile chaji chanya ya mgongoni ikapotea kabla haijaivuta tona. Ikifika kwenye fyuza, sehemu ya joto inaishia kuchemsha maji badala ya kuyeyusha plastiki, na tona inabaki imelala juu ya karatasi bila kushika. Kwenye vyeti kulikuwa na sababu ya ziada. Vilichapwa kwenye karatasi ngumu, bila kuchagua kwenye kompyuta kwamba ni karatasi nzito, hivyo printa haikujua kuwa inatakiwa ipitishe polepole au kwa joto zaidi.

Lakini kwa nini katriji mpya zilionekana kusaidia? Katibu wa usharika ndiye aliyelitambua jibu mwenyewe, akacheka na kushika kichwa. Kila walipofungua katriji mpya walikuwa wanafungua na rimu mpya. Kwa siku chache karatasi ilikuwa kavu, kurasa zikatoka nyeusi, sifa akapewa katriji. Karatasi ikinywa unyevu tena, lawama ikapewa katriji.

Rimu za usharika huo sasa zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya rafu, na inafunguliwa moja kwa wakati mmoja. Karatasi zinazobaki kwenye trei jioni hurudishwa ndooni. Kila cheti kabla ya kutiwa sahihi na Mchungaji hukunjwa kwanza cha majaribio, kikasuguliwa kwa kidole kwenye mkunjo. Vyeti vilivyobanduka vimechapwa upya, na mama yule amepata chake.

Tunaomba kila usharika wenye mashine, katika taarifa ya robo ijayo, uandike namba ya kurasa iliyo kwenye kaunta siku katriji ilipowekwa na siku ilipotolewa. Namba hiyo ndiyo tutakayoitumia kuwajibu wahisani, badala ya kusema tu kwamba tona ni ghali. Mhisani aliyetuandikia tumempelekea maelezo haya yote. Katriji mbili ambazo usharika wa Kilwa ulizitoa ukidhani zimeisha zilikutwa kwenye boksi chini ya meza, kila moja ndani ya mfuko wake mweusi. Zimerudishwa kazini, na mpaka tunapoandika haya bado wanatumia ya kwanza.